Chupa Haikuanguka

Kama ardhi inatikisika chini yako na watu uliokaa nao wanaendelea kunywa chai, nimeandika haya kwa ajili yako. Sijui kama yatakusaidia. Mwanzo huu nimeufuta mara nyingi, kwa sababu kila nikiusoma naona kosa: labda wewe husikii ardhi, labda unasikia sauti, au harufu, au ni moyo tu unaokwenda mbio bila kufukuzwa. Mwishowe nimeuacha ulivyo. Mimi ilikuwa ardhi.

Naitwa Kahindo. Nilizaliwa Butembo, nikakulia Goma, mtaa wa Majengo, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkano. Nina lisansi, yaani shahada, ya sheria ambayo bado haijanipatia kazi. Jumapili baada ya misa hufundisha kikundi cha vijana wa parokia yetu, wasichana na wavulana walio katika ule umri wa kucheka kila kitu na kuogopa kila kitu kwa wakati mmoja.

Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa habari ya chupa, lakini huenda unasoma ukiwa mahali pengine. Miaka michache iliyopita mlima ulipotema moto, mji uliendelea kutetemeka hata baada ya lava kusimama. Wakati ule kila nyumba ilikuwa na chupa yake: chupa tupu ya soda, ya kioo, imegeuzwa kichwa chini, imesimama kwa mdomo wake juu ya sakafu. Ikianguka, mnatoka nje. Isipoanguka, mnaendelea na shughuli zenu. Baadaye mitetemo ilipungua, chupa zikarudi kwenye kreti, watu wakasahau.

Kisha vita viliingia mjini. Siku zile tulilala sakafuni, mimi, mama na kaka yangu Paluku, magodoro tumeyasimamisha madirishani. Papa, yaani baba yetu, ambaye ni mfanyabiashara, alikuwa amekwama mpakani upande wa Bunagana pamoja na mizigo yake, na sauti yake tuliisikia pale tu mtandao uliporudi. Sitazisimulia siku hizo. Kila mtu hapa ana zake. Ninalotaka kusema ni kwamba milio iliponyamaza, soko likafunguliwa, watu wakaanza kufagia vioo barabarani, mimi nilisikia sakafu inapumua.

Haikuwa kishindo. Ilikuwa kama mnyama mkubwa anayejigeuza usingizini chini ya nyumba. Ilianzia kwenye nyayo, ikapanda hadi magotini, nikaona, au nilidhani nimeona, maji ndani ya kikombe yakichora duara. Nilikimbilia uani. Mama alikuwa anatwanga sombe, yale majani ya muhogo.

"Kuko nini?" akauliza.

"Ardhi."

Alitazama kinu chake, akanitazama mimi. "Kahindo, ni miye natwanga. Njo maana unasikia ile."

Tukacheka. Mara ya pili ilipokuja, mama hakuwa anatwanga.

Paluku ndiye aliyeileta chupa. Aliisimamisha katikati ya sebule, akajipangusa mikono kama fundi. "Hii haina lisansi," akasema, "lakini haidanganyake."

Tangu siku hiyo niliketi mbele ya chupa. Nataka uelewe jinsi ilivyokuwa, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hudhani nilikuwa nawazia tu. Mchana, jua limeingia kupitia mlango, kuku wako uani, nami nasikia nyumba nzima ikibebwa taratibu, ikishushwa, ikibebwa tena. Nasikia sahani zikigongana kabatini. Na mbele yangu chupa imesimama kwa mdomo wake mdogo, mwanga umetulia juu ya kioo, haitingishiki hata kidogo. Ningefurahi kama ingeanguka. Mji uliokuwa ukibomoka ningeuelewa. Chupa ile iliyotulia ndiyo iliyonitia baridi mgongoni.

Siku moja katika masika ilianguka.

Nilikuwa nimekimbilia uani kama kawaida yangu, na jirani yetu Mama Neema alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua. Aliniuliza kwa nini nimesimama vile. Sijui kwa nini sikumjibu "inatikisika". Nilisema, "Inakuja." Kisha mabati ya mtaa mzima yakaanza kulia kwa pamoja, mbwa wakanyamaza, na ndani ya nyumba nikasikia chupa ikipiga sakafu na kubingirika. Haikuchukua muda. Ilipokwisha, watu wote walikuwa wanautazama mlima. Mama Neema alikuwa ananitazama mimi.

Nimelifikiria jambo hili sana. Mtu anayesikia tetemeko asubuhi mpaka jioni, siku moja tetemeko la kweli litamkuta tu akiwa amesema. Hata siku ile nililijua hilo. Lakini jaribu kulisema mbele ya mama wa watoto aliyekwisha kukimbia mlima mara moja na bunduki mara moja, ambaye kitu pekee anachotaka kujua duniani ni kama leo alaze watoto ndani au nje.

Wakaanza kuja. Asubuhi, kabla ya soko, walisimama mlangoni: "Kahindo, leo tulale ndani?" Waliniletea kabichi, viazi, maharagwe mabichi. Akina mama wa maombi walikuja kuniwekea mikono, na hawakufukuza pepo. Walishukuru. Walisema Mungu amenipa masikio ya kusikia mlima kwa ajili ya mtaa. Mama yangu mwanzoni aliogopa, kisha taratibu alianza kutembea amenyoosha mgongo. Paluku aliniita serikali ya mlima. "Serikali, leo umeamua aje? Niende chuo ao tunakufa?"

Vijana wangu ndio walionitisha zaidi, ingawa wakati ule sikujua kwamba natishika. Waliacha kuniangalia usoni. Waliangalia miguu yangu. Nikiwa katikati ya somo, nikishika ukingo wa meza kwa sababu sakafu imeanza kupumua, walisimama wote bila kuambiwa, wakachukua Biblia zao, wakatoka nje mmoja mmoja, kimya. Hakuna aliyekimbia wala kucheka. Walijipanga uani wakiutazama moshi wa mlima, wakingoja niwaambie warudi. Wa mwisho kutoka alikuwa siku zote Neema, binti wa yule jirani, mwenye miaka kumi na mitano. Alitoka kinyumenyume, macho kwenye viatu vyangu.

Wakati huo mwili wangu ulikuwa unakwisha. Nilikula nimesimama. Nililala na viatu. Nywele zilibaki kwenye kitana, na mambo ya mwezi yalikatika, mama akaniuliza swali ambalo mama huuliza, nikalia kwa hasira. Nilipoanguka sokoni, kati ya marundo ya vitunguu, watu hawakuniinua upesi. Walisogea pembeni na kutazama chini, wakidhani nimesikia kitu.

Papa ndiye aliyekata shauri, kutoka mbali, kwa simu iliyokuwa inakatika. "Kahindo, ule mulima iko na batu ba kuuchunga. Weye, nani anakuchunga?" Akamwambia mama anipeleke hospitali.

*

Jengo la wagonjwa wa akili lilikuwa nyuma ya wodi ya wazazi, kwa hiyo kulifikia ilikuwa lazima tupite kwenye vilio vya watoto wachanga. Goma mtu husalimia kila anayekaa karibu naye. Pale hakuna aliyesalimia. Kila mtu aliacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na mwenzake, kama vile mtu asiyeonekana ameketi hapo. Kioo cha dirisha kilikuwa kimepakwa rangi nyeupe hadi juu. Niliutumia muda wote wa kungoja nikiwaza kama rangi ile ni ya kuwazuia watu wa nje wasituone, au ya kutuzuia sisi tusiuone mlima.

Mwanamke mmoja mzee alikuwa na redio isiyo na betri. Aliisikiliza, akatikisa kichwa, akamwambia mwanawe, mwanaume mwenye mvi, abadilishe kituo. Yule mwana akazungusha kitufe taratibu, akaisogeza redio sikioni mwa mama yake, akauliza, "Hapa ni muzuri, mama?" Alifanya hivyo kila alipoombwa. Nikiulizwa rehema ni nini, namkumbuka mtu huyu.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Hakuharakisha. Aliuliza kuhusu usingizi, chakula, na nilichokiona katika siku za vita. Nilimjibu kama ninavyojibu kila kitu, kwa maelezo marefu yenye "lakini kwa upande mwingine". Alingoja nimalize. Kisha akauliza, "Na chupa inasemaje?"

Nililia mpaka mama akanifunika kwa kikwembe chake cha kujifunga. Watu wengi walikuwa wameniuliza mlima unasema nini. Habari ya chupa hakuna aliyeiuliza.

Alitaja ugonjwa kwa Kifaransa, jina refu ambalo nililipoteza kabla ya kufika barabarani, akanipa vidonge na siku ya kurudi kuzungumza. Sitakudanganya: majuma ya kwanza ni mabaya. Kinywa kilikauka kana kwamba natafuna majivu. Mikono ilitetemeka, kwa hiyo sasa nilikuwa na tetemeko ambalo hata Paluku aliliona. Usingizi ulikuja mzito kama blanketi lililoloa maji. Kisha njaa ikarudi, na sketi zikakataa kufungika. "Sasa njo umekuwa mulima yenyewe," Paluku akasema, na mama akamrushia kiatu. Kila mara nilipomeza, mama alinipimia maji mwenyewe na kusimama mlangoni hadi nimalize.

Mvua zilipokaribia kwisha, sakafu ikawa sakafu. Ningependa kusema nilifurahi. Nilitishika. Ni kama unapoishi na mtu anayekoroma, halafu anaacha ghafla, nawe unabaki umetega sikio.

Tetemeko la kweli lilikuja nikiwa nachambua maharagwe. Dogo, la kawaida. Sikuwa nimesema neno. Kwa Mama Neema ukuta wa mawe wa jikoni ulimwangukia kitinda mimba wake, ukamvunja mkono. Mtoto alifungwa plasta, akapona, na leo anaparamia miti kuliko zamani. Lakini siku ile Mama Neema aliingia uani kwetu na vumbi la ukuta bado usoni.

"Ulinyamaza," aliniambia.

Niliweka chini ungo wa maharagwe.

"Zile dawa zimekufunga masikio, Kahindo. Mungu alikuja kugonga, akakuta umefunga mulango kwa kidonge."

Wanawake wengine walimwitikia. Waliondoka, na mama, yule yule aliyenipimia maji, aliketi karibu nami akasema bila kunitazama kwamba labda tungoje kidogo. Mpaka kiangazi kiishe. Tuone. Sikubishana naye. Niliweka mkono wa mtoto upande mmoja na usingizi wangu upande mwingine, nikaona usingizi ni mwepesi. Mama akaviweka vidonge juu ya kabati.

Kama uko kwenye matibabu, soma sehemu hii mara mbili. Daktari hatukumwambia.

*

Sakafu ilirudi pamoja na vumbi la kiangazi. Lakini mlangoni hakusimama mtu. Siku za kwanza nilingoja, nikidhani wamekasirika. Mwishowe nilimuuliza mama. Alisita, akasema watu wanakwenda kwa Mama Neema. Neema ameanza kusikia.

Nilivuka ua. Neema alikuwa amekaa juu ya jiwe jeusi mbele ya nyumba yao, sahani ya viazi magotini, hajaigusa. Kiatu kimoja alikuwa amekivua na unyayo wake ulikuwa umelala juu ya jiwe, kama daktari anavyoweka mkono kifuani mwa mgonjwa. Kando yake chupa imesimama kichwa chini. Alijifunza yote hayo kwangu. Wiki hizo zote alizotoka kinyumenyume, alikuwa anasoma.

"Yaya," akasema, kama tunavyomwita dada mkubwa, "unasikia?"

Nilikuwa nasikia. Jiwe lilikuwa linapanda na kushuka chini yetu kama kifua. Tuliitazama chupa sote wawili. Haikutingishika.

"Nasikia," nikasema.

"Hata miye."

Akatabasamu, na lilikuwa tabasamu la bibi kizee. Niliketi pale nikitikisika naye juu ya ardhi iliyokuwa imetulia kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu vita sikuwa peke yangu. Nilihisi furaha. Furaha hiyo ndiyo iliyonistua. Nikatazama mkono wake ulioshika sahani: mifupa yote ilikuwa inahesabika.

"Unalala, Neema?"

"Nikilala," akasema, "nani atabaambia?"

Yalikuwa maneno yangu, niliyomjibu mama kila aliponisihi nilale. Hata kupumua alikopumua katikati yake kulikuwa kwangu.

Nilirudi nyumbani, nikapanda kiti, nikashusha vidonge. Mama alinikuta na kikombe mkononi. Alitaka kusema kitu, akachukua kikombe, akakijaza maji. Kesho yake tulirudi hospitali, na daktari hakunigombeza. Aliniambia nianze tena taratibu, siyo pale nilipoachia. Nilikwenda kwa Mama Neema kumwomba amlete binti yake. Hakuacha kufua.

"Weye ulikataa zawadi," akasema. "Sasa unamuonea mutoto wangu wivu."

Njiani nilijiuliza kama ni kweli. Nilijiuliza kwa siku kadhaa. Kama nina wivu, je, haki yangu ya kusema inakwisha? Na kama sina, kwa nini furaha ile juu ya jiwe? Nilimpelekea padri maswali hayo yote, nikamwomba awaambie vijana yeye mwenyewe kwamba ni ugonjwa na kwamba dawa si dhambi. Alifikiri, akakataa. "Mimi watanikubalia tu," alisema. "Wewe watakuuliza maswali."

Jumapili ile nilikwenda ukumbini na chupa kwenye mfuko. Mikono ilikuwa inatetemeka kwa dawa, nikaiacha itetemeke mbele yao. Niliwasimulia haya uliyoyasoma. Walinisikiliza wakiangalia viatu vyangu.

Wa kwanza kuuliza alikuwa Héritier, ambaye hakuna somo analoliacha lipite bila mzaha. "Yaya, njo kusema ulikuwa na pepo ya volkano?"

Wakacheka, nami nikacheka, na hewa ikafunguka kidogo. Msichana mmoja akauliza lile swali lenyewe: mtu mwenye imani anakunywa dawa ya kichwa kwa nini? Si ni kumwambia Mungu hatoshi? Nilimjibu vibaya. Nilijibu kama mwanafunzi wa sheria, kwa hoja tatu, na katikati ya hoja ya pili waliokaa nyuma walianza kupiga miayo. Hoja ya tatu nikaiacha.

"Mazuku," akasema Héritier.

Huku kwetu kila mtoto anaijua mazuku. Ni hewa mbaya inayotoka chini ya ardhi na kulala mashimoni. Haina rangi wala harufu. Mbuzi anashuka kula majani mazuri, anapiga magoti kama amechoka, hapandi tena. Ukimwona mbwa wako amelala ndani ya shimo asubuhi, unakatazwa kumfuata.

"Nonko wangu alianguka mu mazuku kule njia ya Sake," Héritier akaendelea, akimaanisha mjomba wake, na safari hii hakuwa anatania. "Bamama balimuombea, ndiyo. Lakini balikuwa banaomba banavuta kamba. Hakuna mwenye alisema, tuache kamba, tuone kama iko na imani."

Niliongeza tu kwamba aliye ndani ya shimo hasikii harufu yoyote. Anasikia tu kwamba anataka kubaki.

Kisha nikasimamisha chupa katikati ya sakafu ya saruji. Niliwaomba wafunge macho, wote, na wasizungumze. Atakayesikia ardhi inatikisika ainue mkono. Mimi nitabaki macho wazi.

Nje palipita chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, magurudumu yake yakilia juu ya mawe, kisha kimya. Mkono wa kwanza uliinuka taratibu sana, kama wa mtu aliyelala. Wa Neema. Halafu mwingine nyuma yake, na mwingine kando ya ukuta. Hawakuweza kuonana. Iliinuka bila sauti, mmoja hapa, mwingine pale, mpaka karibu nusu ya ukumbi ilikuwa mikono, na nyuso chini yake zimefumba macho kama za wafu. Hata wa Héritier. Na katikati yao chupa imesimama kwa mdomo wake, mwanga umetulia juu ya kioo.

Wakati mwingine nikiwa nafua au nachota maji naiona mikono ile.

"Msiishushe," nikasema. "Fungueni macho."

Walitazamana. Kila mmoja aliona mikono ya wenzake kwanza, ndipo akaona chupa. Mvulana mmoja alianza kulia bila kuficha.

"Hamkudanganya," nikawaambia. "Mmesikia kweli. Lakini si mlima, na si Mungu anayetuma ujumbe. Ni zile siku za sakafuni. Bado ziko ndani ya miguu yetu."

Mikono ikashuka. Wa Neema ulibaki juu.

"Yaya," akasema, "sasa kama haikuwa mulima, miye nilikuwa nachunga nini?"

Mpaka leo sijui jibu zuri. Nilikwenda nikaketi sakafuni karibu naye, nikauchukua ule mkono nikaushusha mimi mwenyewe, ulikuwa mwepesi kama wa mtoto mdogo. Nikamsimulia habari anayoijua tangu katekisimu, ya yule nabii aliyekimbilia jangwani akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Ni baadaye sana ndipo tetemeko lilipokuja, na Mungu hakuwa ndani yake.

"Alilala kwanza?" Neema akauliza.

"Alilala kwanza."

Nilipoinua macho nilimwona mama yake mlangoni. Alikuja kumchukua binti yake kwa ajili ya watu waliokuwa wanangoja nyumbani. Sijui alisimama pale tangu lini. Macho yake yalikuwa bado yamefumba, na mkono wake, ule usioshika mfuko wa soko, ulikuwa umeinuka hadi usawa wa sikio.

*

Siku yangu iliyofuata ya kurudi hospitali, Mama Neema alinikuta kwenye benchi, Neema amemwegemea. Aliingia pale kama anavyoingia sokoni: alimsalimia kila mtu, mmoja mmoja, kwa sauti, akauliza habari za nyumbani, akakaa bila kuacha nafasi. Watu walistuka. Kisha wakaanza kujibu. Alipofika kwa mama wa redio, aliuliza leo kuna habari gani. Yule mzee alisikiliza kidogo, akasema leo ni muziki tu.

Neema hakupewa vidonge kama vyangu. Alipewa siku za kuzungumza, na agizo la kulala ambalo mama yake alilisimamia kwa fimbo mlangoni dhidi ya majirani. Hakupona kwa mara moja. Kuna siku alikuja ukumbini kiatu kimoja kimevuliwa, nami sikusema kitu, nilisogeza tu kiti changu karibu na chake. Mimi bado nameza nusu kidonge. Bado mnene. Majirani wengine hawanisalimii, na kuna mama mmoja wa maombi anayeamini kwamba nimeuacha mtaa bila mlinzi. Simlaumu. Anataka mtu amwambie alaze watoto wapi.

Masika yalirudi. Jumapili moja tulikuwa tunasoma, chupa imesimama kwenye kona kama tulivyoizoea, na ardhi ikatikisika. Ilianzia kwenye nyayo. Mabati yakalia. Chupa ikaanguka, ikabingirika chini ya benchi, na tulikuwa tumekwisha kusimama sote, Biblia mkononi, tunatoka. Hakuna aliyeangalia miguu yangu. Hapakuwa na nafasi.

Uani, Neema alisimama kando yangu. Ungeweza kusikia mtaa mzima ukiitana majina.

"Yaya, ulisikia mbele yetu?"

Nilifikiri vizuri kabla ya kujibu, kama kawaida yangu. Nilitafuta kila mahali. "Hapana," nikasema. "Nilisikia pamoja nanyi."

Tulingoja hadi mbwa wakaanza kubweka tena, ndipo tukarudi ndani. Neema alipiga magoti, akaitoa chupa chini ya benchi, akaipangusa vumbi kwa sketi yake. Badala ya kuigeuza kichwa chini, aliiweka dirishani kwa kitako chake, kama chupa yoyote.

"Na siku mulima ikikuja?" akauliza Héritier. "Nani atatuambia?"

"Tutasikia," akasema Neema, akitafuta ukurasa tulioachia. "Siye bote."